Mpima Magitaa wa Mweso

Mimi ni mwoga, na niseme hivyo mapema ili nisionekane nimejificha nyuma ya mtu mwingine. Lakini mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa Mwalimu. Alikula akiwa amefunga kamba za viatu. Kanisani alisali macho wazi, yameelekea mlangoni, na padre alipomkemea alijibu kwamba Mungu hajawahi kumwambia ayafumbe. Kwenye baraza ya nyumba yake alikaa mgongo ukiwa ukutani na uso ukiwa barabarani, na ukimtembelea alikusogeza pembeni usije ukamziba asione nani anapita. Tulimcheka kwa hayo yote. Mimi nilimcheka huku nikifanya yaleyale nyumbani kwangu, ila mlango ukiwa umefungwa.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya miaka mingi, kwanza vilimani upande wa Nyamitaba, baadaye kwetu Mweso. Lakini watu waliomjia kutoka mbali, wengine wakitembea siku mbili, hawakufuata kwaya. Walikuja na gitaa mgongoni, limefungwa kwa kitenge au kwa gunia, ili awaambie lina thamani gani. Magitaa ya zamani kwetu ni mengi kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Wazungu wa mashamba ya ng'ombe na jibini waliyaacha, misheni ziliyaacha, na wanamuziki waliokwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya Walikale waliyabadilisha kwa chakula. Yakabaki yananing'inia majumbani, juu ya moshi wa jiko, na hakuna aliyejua lipi ni mali na lipi ni ubao tu. Mwalimu alijua.

Mimi nilimfahamu kwa ajili ya maharage. Nilikuwa nauza maharage sokoni, na siku moja alinijia na ombi ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mama, unipatie gunia moya ya maharagi. Nitakurudishia kisha wiki mbili."

"Ya kukula, Mwalimu?"

"Hapana. Ya kulazia gitare. Imetoka Walikale, imekunywa maji."

Nilidhani ananitania, lakini Mwalimu hakuwa mtu wa utani. Alinieleza kwamba gitaa la kwetu Masisi hukauka kwa baridi na moshi hadi likapasuka, na gitaa la Walikale huvimba kwa unyevu wa msitu hadi gundi ikaachia. Lililokauka unaweza kulipima siku ileile. Lililovimba linadanganya, na lazima kwanza ulizike ndani ya maharage makavu mpaka yamalize kulinyonya maji. Nikampa gunia. Alilirudisha siku aliyosema, maharage yote yamo, ila yananuka ubao wa kale. Wateja walinung'unika na mimi nikayauza hivyohivyo. Tangu hapo nikawa napita kwake karibu kila siku, na mara nyingi niliketi.

Nyumbani nilikuwa na mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumwacha. Alishinda kwenye kiti chake akinichambulia maharage na kuuliza habari za kila anayepita. Kwetu tumekimbia vita, tumerudi, tumekimbia tena, na sitaki kuhesabu. Mara ya mwisho nilimbeba mama mgongoni hadi karibu na hospitali, nikaanguka naye mara mbili njiani. Baada ya hapo yeye alinenepa kidogo kwa kukaa, na mimi nikazeeka. Kila nilipomtazama pale kwenye kiti niliuona mlima wa kwenda Kitshanga na nikajua kwamba safari nyingine siwezi. Hofu yangu ilikuwa hiyo moja, na ilinilaza na kuniamsha.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kupima magitaa na haikubadilika. Ukimletea gitaa limelala chali, alilipindua. "Unionyeshe kwanza mugongo," alisema. "Uso, kila muntu anaoshaka." Alipitisha kiganja polepole mgongoni mwa gitaa, kisha akagonga kwa kidole gumba sehemu saba au nane, kichwa kimeinama. Akanusa tundu. Aliweza kukuambia kama gitaa limelala jikoni au chumbani, kama popo wameishi ndani yake, na kama mwenyewe alivuta tumbaku. Mwisho alitoa kifaa alichojitengenezea, kipande cha kioo cha pikipiki kilichogundishwa kwenye spoku ya baiskeli. Alikiingiza tunduni pamoja na mwanga wa tochi, akaangalia mbao za ndani, gundi, na karatasi ya mtengenezaji kama ingalipo. Watu walishikilia pumzi. Nami nilishikilia, ingawa gitaa halikuwa langu.

Kitu alichokichukia kabisa ni nyuzi za breki. Kwetu uzi wa gitaa ukikatika, watu hufumua waya wa breki ya baiskeli wakaufunga. Unalia vizuri miezi miwili, halafu unavuta hadi unaling'oa daraja la gitaa pamoja na uso wake. Mwalimu akiona waya huo aliufungua palepale bila kumwomba mwenyewe ruhusa. "Fren ni ya kusimamisha kinga," aliwaambia, maana kwetu baiskeli ni kinga, "haiko ya kuimbisha." Watu waliondoka na gitaa bubu na hasira zao.

Pesa hakutaja. Alitaja mifugo. Gitaa lilikuwa kuku, au mbuzi, au ng'ombe, na mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa zaidi. Lisilofikia kuku lilikuwa kuni. Na kwa miaka yote niliyoketi pale barazani sikumsikia hata mara moja akitamka ng'ombe.

Hapo ndipo aliponishinda kumwelewa. Mchungaji mmoja wa kanisa dogo alileta gitaa aliloachiwa na mmisionari, la mbao nyekundu nzito, zuri hata kwa mtu kama mimi nisiyejua lolote. Mwalimu aliligonga, akalinusa, akalichungulia kwa kioo chake muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Kuku."

Mchungaji akauliza, "Kuku muzima, Mwalimu, ao mabawa tu?"

Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. "Kuku mugonjwa," akasema, akamrudishia. Siku hizohizo mchunga ng'ombe mmoja wa Nyamitaba akaja na gitaa alilolitengeneza kwa kopo la mafuta na ubao wa sanduku la sabuni. Mwalimu alisimama, akalinyanyua juu watu wote walione. "Hii sasa ni mbuzi!" akatangaza. "Mbuzi dume!" Mchunga ng'ombe alirudi kwao kifua mbele, na nasikia alikataa kuliuza mpaka leo. Kwa hiyo vitu vizuri alivitukana na vitu vibaya alivisifu. Mimi nilisema ni wivu wa mzee asiye na gitaa, na sikulisema kimoyomoyo, nililisema sokoni.

Na kupiga, alipiga ovyo. Mtu aliyefundisha kwaya nzima sauti nne bila kukosea alikuwa akishika gitaa anagusa nyuzi tatu, anakosea moja, anasonya, analiweka. Wanakwaya walisema vidole vyake vimelala.

Lakini kilichotufanya tuitazame baraza yake kwa hofu hakikuwa bei wala vidole. Kwetu gitaa la marehemu halitoki ukutani bila sababu. Mbuzi huuzwa kwanza, na mabati, na redio. Mtu akifika kulifungua gitaa la baba yake na kulipeleka kwa Mwalimu, ujue anataka kuondoka na hawezi kukimbia nalo. Moja pekee, huenda ni karo au mahari. Mawili kutoka upande mmoja katika juma moja, nilinunua chumvi na sabuni. Matatu, nilifunga nguo za mama kwenye kitenge. Kuna juma magitaa manne yalikuja kutoka kijiji kimoja, na wanawake wa sokoni walikuwa wakipita mbele ya baraza polepole, vikapu kichwani, wakihesabu kwa macho bila kugeuza shingo. Jumapili iliyofuata wenye kijiji hicho walikuwa wamelala shuleni kwetu, watoto kwenye madawati.

Watu walianza kumlaumu kana kwamba yeye ndiye anayeita vita. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alimwambia waziwazi aache kazi hiyo, inaleta mikosi.

"Nikiacha, na vita itaacha?" alimuuliza. Alisogeza kigoda mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliponiona namtazama akageukia barabara.

Nilimuuliza siku hiyo, tulipobaki wawili, anaogopa nini hasa, maana hana ng'ombe, hana mke tena, hana hata redio.

"Mutoto wangu," akasema, "miye naogopaka kintu kizuri chenye kinaonekana."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba Mwalimu anaanza kuchanganyikiwa. Mama aliendelea kuchambua maharage. Akasema, "Huyo hajachanganyikiwa."

Halafu magitaa yakaanza kutoka upande wetu. La kwanza lilitoka mtaa wa chini, la pili nyuma ya soko, na siku mbili baadaye milio ya bunduki ikaanza kusikika kaskazini, mbali bado, kama mtu anayepiga mlango wa jirani. Nilijua la tatu ni lipi, kwa sababu lilikuwa linaning'inia juu ya kitanda cha mama.

Baba yangu aliwahi kumfanyia kazi mzungu mmoja wa jibini. Mzungu alipoondoka hakumwachia baba ng'ombe wala ardhi, alimwachia gitaa. Baba alilipiga jioni zote za utoto wangu, na baada ya yeye kufa mama alilipangusa vumbi kila Jumamosi, hata miguu ilipokwisha, kwa kulivutia kwake kwa fimbo. Na Mweso wakati ule kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye duka na lori, aliyetaka gitaa la kale la kupeleka kwao. Alikwisha sema kwamba anayemletea lililo la kweli atampa viti viwili ndani ya kabini hadi Goma. Nyuma ya lori watu husimama juu ya magunia wakishikana mabega, na mama yangu asingefika Sake akiwa hai. Kwenye kabini kuna kiti na mlango unaofungwa. Gitaa la baba lilikuwa ndiyo miguu ya mama.

Sasa nitasema nilichofanya, na anayejua magitaa anisamehe. Nililitazama, limepauka, limechubuka pale mkono wa baba ulipopita, uso umekuwa wa manjano kwa moshi. Nikaona aibu kulipeleka hivyo mbele ya watu. Kwetu kitu cha kuuza unakisafisha, ndivyo nilivyofanya na maharage maisha yangu yote. Nikalipeleka kwa fundi wa majeneza karibu na hospitali. Akalisugua kwa msasa likawa jeupe, akalipaka verni ya kung'arisha majeneza mara mbili, na kwa kuwa nyuzi mbili zilikuwa zimekatika, akanifungia za breki bila malipo. Liling'aa. Nilijiona mjanja.

Barazani kwa Mwalimu kulikuwa na watu kama kumi asubuhi hiyo. Wawili walikuwa wamevaa mabuti ya askari na sikuwajua. Nilifungua kitenge. Kwa mara ya kwanza Mwalimu hakupindua gitaa. Alilitazama uso, akaweka kiganja juu ya verni, akakiondoa haraka.

"Nani aliiosha uso?" akaniuliza, kwa sauti ya chini sana.

Nikamwambia ni fundi, na nikamwambia jinsi lilivyokuwa baya kabla. Ndipo alipolipindua. Aligonga, akanusa, akaingiza kioo chake. Alikaa nacho humo ndani mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akanyanyuka na kusema kwa nguvu zote, "Kuni! Hii iko kuni, Mama. Peleka ku jiko."

Nililia mbele za watu. Nilimwita mzee wa wivu, mchawi wa vitu vya wenzake, nikamwambia maharage yangu asiyaguse tena. Alikuwa anatazama barabara. Nikafunga gitaa langu na kwenda moja kwa moja kwenye maegesho.

Lori lilikuwa linapakiwa. Watu walijaa pande zote, wengine wameshikilia magurudumu ili lisiondoke bila wao. Yule mfanyabiashara alilitazama gitaa kwa tamaa, niliiona machoni mwake, halafu akauliza walichokuwa wakiuliza wote.

"Mwalimu alisema nini?"

Sikupata nafasi ya kudanganya. Mtu nyuma yangu alijibu kwa ajili yangu, na neno kuni likazunguka lori lote.

"Mama, unisamehe," akasema mfanyabiashara. "Niweke kuni mu kabine, niache huyu mama wa mimba kule juu ya gunia? Bantu hawa watanichomea kamio," akaongeza akiligonga lori lake. Na watu walimuunga mkono. Nisingewalaumu. Akaniambia wanaondoka saa nane mchana, na kwamba Mwalimu akibadilisha neno lake, abadilishe hapa, mbele ya hawa.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mwalimu ameketi kwenye kigoda karibu na mama. Alisema amekuja kuomba chumvi. Mama alikuwa anatabasamu.

"Ufunge mulango," Mwalimu akaniambia. Nikafunga. "Bei ya baraza haiko bei, mutoto wangu. Ulisikia siku gani nikitaja ng'ombe kule inje? Ule pasta, kisha siku mbili nilienda kwake kuomba chumvi. Ile gitare yake ilikuwa ng'ombe tatu, na iko naye mpaka leo, ju kila mwizi anajua ni kuku mugonjwa."

Ndivyo nilivyojua, na nusu ya Mweso ilikwisha jua miaka mingi, kumbe. Mama alijua. Kila aliyekuwa na kitu cha maana alitembelewa na mzee anayeomba chumvi. Mimi peke yangu, niliyekaa pale kila siku, sikuwahi kuwa na kitu cha kunifanya nitembelewe.

Alizifungua zile nyuzi za breki akazikunja mfukoni. Akanipa kioo na tochi, akanionyesha nitazame. Niliona mbao nyembamba zimepangwa kwa usafi, na karatasi ndogo yenye maandishi yaliyofifia, na vumbi la miaka ya baba.

"Fundi wa majeneza alipaka uso. Tumbo hakufika," akasema. "Ilikuwa ng'ombe sita. Wewe umechinja mbili. Imebaki ine, za maziwa."

Nikamweleza yaliyotokea kwenye lori. Nikamwambia twende akaseme. Uso wake ulibadilika rangi, na sitii chumvi. Akasimama, akasema atamwambia mfanyabiashara dukani, wakiwa wawili.

"Hayuko mu duka, Mwalimu. Iko katikati ya bantu. Na bale ba mabuti biko ku barrière, hapohapo," nikamwambia, maana kizuizi chao kilikuwa karibu na lori.

Aliketi tena. Mama akamshika mkono. "Mwalimu, kama unaogopa, wende kwako. Miye nitabakia na kiti yangu. Sitakukasirikia."

Nilijua ninachomwomba. Ninaweza kuandika hapa kwamba nilichanganyikiwa, kwamba milio ilikuwa imekaribia, na yote ni kweli. Lakini nilijua, na nilimwomba hivyohivyo. Nilipiga magoti. Akainama, akakaza kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekazwa, akachukua gitaa.

Pale kwenye maegesho hakupanda juu ya kitu chochote wala hakupaza sauti kama alivyozoea kupaza kwa kuni. Aliongea kawaida, na watu wakanyamaza ili wasikie. "Asubui nilidanganya," akasema. "Hii ni ng'ombe ine."

Kelele zikazuka. Mmoja akasema mzee amelipwa. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alizungusha funguo za zile nyuzi nne zilizobaki, akaweka mguu juu ya gunia, akapiga. Sikujua kwamba gitaa linaweza kulia hivyo. Vidole vyake vilikwenda mbio bila kukosea hata kimoja, na wimbo ulikuwa wa kawaida tu, wa mavuno, unaoimbwa na wanawake vilimani. Yule mama mwenye mimba akaanza kuuitikia. Haukuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipoacha, mfanyabiashara alikuwa tayari amefungua mlango wa kabini, na hakuna aliyepinga.

Tulimpandisha mama, watu watatu, nami nikapanda. Nilipogeuka kumshukuru Mwalimu, mmoja wa wale wenye mabuti alikuwa ameondoka kwenye kizuizi na kusimama karibu naye. Alikuwa anatabasamu kwa adabu.

"Muzee," alimuuliza, "bei ya bintu bingine pia unajuaka?"

Lori likaondoka.

Tulifika Goma. Mama alikaa kitandani kwa binamu yangu miezi minane, akafa kwa ugonjwa wa kawaida, amefunikwa shuka safi. Yaliyotokea Mweso niliyasikia vipandevipande kwa waliokuja baadaye. Wenye silaha waliushika mji, na mkubwa wao akamchukua Mwalimu awe anatembea nao nyumba hadi nyumba. Waliingia, wakamweka mbele ya cherehani, ya redio, ya paneli za jua, ya magitaa, wakamuuliza hii ni kuku au ni ng'ombe. Hapo habari ziligawanyika. Mmoja aliniapia kwamba Mwalimu alikuwa akisema kuni, kuni, kuni, na kila kuni ilimgharimu kipigo. Mwingine, mke wa yule mchungaji, aliniambia kwamba gitaa lao lilichukuliwa, na kwamba katika Mweso nzima mtu mmoja tu alijua thamani yake. Sikujua nimwamini nani. Nilichojua ni nani aliyemtoa ndani mchana ule na kumfanya aseme. Miaka yote hiyo sikumweleza mtu.

Mwaka huu nilikwenda Walikale kwa matanga ya shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa Bisie. Siku tatu kwa pikipiki, matope hadi magotini. Siku ya kurudi, dereva wangu akitengeneza gurudumu karibu na soko, nilitembea kunyoosha miguu, na nyuma ya shule waliko wakimbizi nikamwona mzee anamenya mihogo peke yake. Wengine walikuwa wamekaa pamoja upande ule, naye upande huu. Alikuwa ameegemeza mgongo ukutani.

Nilichuchumaa mbele yake. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika tena, vilisimama alipokuwa akishika mhogo.

"Mama alifika?" akauliza.

"Alifika, Mwalimu. Aliishi miezi munane. Alikufia mu kitanda."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Miezi munane," akasema. "Vizuri. Vizuri sana."

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumwambia anisamehe, nilitaka kumuuliza ni ipi kati ya zile habari mbili iliyo kweli, na sikuweza kuanza. Ndipo niliposikia nyayo. Wale waliokuwa wamekaa upande ule walikuwa wanakuja, wanaume wanne na wanawake wawili, na mwanamke mmoja nilimkumbuka uso, aliuza mafuta ya mawese sokoni kwetu. Yeye hakunikumbuka mimi, au hakuwa na hakika.

"Wee mama," mwanaume mmoja akasema, "huyu muntu unamujua? Huyu njo alituuzisha ku Mweso. Unasemaka naye nini?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilikuwa nataka kusema, nadhani nilikuwa nataka. Mwalimu akawahi.

"Hapana, simujui," akasema kwa sauti kubwa, ileile ya barazani, akiwa ananitazama mimi. "Ni mupita-njia. Anauliza tu njia ya Bisie." Akanyoosha ule mkono wenye vidole visivyokunjika. "Pale, Mama. Unafuata hii barabara, usigeuke."

Walinitazama wote, wakingoja. Pikipiki yangu ilikuwa upande wa pili, nyuma yao. Nilisema asante, Papa, kama mtu anavyomwambia mzee asiyemjua, nikasimama, nikaifuata barabara ya Bisie.

Nilitembea bila kugeuka. Nilitembea kwa sababu walikuwa bado wanaangalia, na hata walipokuwa hawawezi kuniona tena, niliendelea kutembea.